Wembe Nilionoa Mara Kumi na Nne

Leo nimeaibika vibaya.

Si ile aibu ya kuteleza kwa matope mbele ya watu wa boda. Hiyo nimezoea, naishi Kapsoya. Hii ni aibu ya kushika maikrofoni kwa mazishi, mbele ya watu wa tenti nne, na kueleza kwa nini marehemu hafanani na picha yake.

Ngojeni nianze vizuri. Macho bado yamevimba, na hata sijui ni huzuni ama ni haya.

Kwa wale hawanijui: naitwa Wanjiru, fundi wa cherehani. Nashona sare za shule. Naishi na Baba, Mama alifariki nikiwa mdogo. Baba alikuwa kinyozi hapa Eldoret tangu sijazaliwa, kinyozi wa wembe ule wa zamani wa kukunja, wenye mpini mweusi wa pembe. Miaka miwili iliyopita mikono yake ilianza kutetemeka. Siku moja akamkata mteja sikio, kidogo tu. Hakuna mtu alimwambia afunge. Alipanguza kiti, akafunga mlango, akakuja nyumbani na wembe kwa mfuko wa koti. Hakurudi tena.

Wateja walitawanyika. Alibaki mmoja, Mzee Lagat wa Kapseret.

Mzee Lagat alikuwa mfugaji, mrefu, mpole, na alikuwa na masharubu. Wacha niseme tena: alikuwa na masharubu! Meupe, mazito, yamefunika mdomo wote wa juu. Akikunywa chai, masharubu yanakunywa kwanza. Mjini hawakumjua kwa jina, walimwita Mzee Masharubu. Baada ya Baba kufunga, aliendelea kuja kwetu kila Jumamosi na maziwa lita tano. Anakaa mbele ya kioo chetu, anajinyoa mwenyewe na wembe wa Baba, na Baba anakaa nyuma yake akimgombanisha. "Laza wembe! Laza! Unalima shamba?" Na Mzee Lagat anacheka mpaka povu inaingia mdomoni.

Kuna kitu ingine lazima mjue. Wakati ule wa fujo za uchaguzi, nikiwa darasa la saba, watu wao na watu wetu walikuwa hawaangaliani machoni. Mzee Lagat alikuja na trekta usiku ama mchana, hata sikumbuki, akatuchukua, akatuweka kwake nyuma ya stoo ya mahindi wiki tatu. Baba alibeba vitu viwili tu kutoka nyumbani: mimi, na huo wembe. Na kila Jumamosi, hapo nyuma ya magunia, alimnyoa rafiki yake kama kawaida. Hawakuongea. Nilikuwa nasikia tu wembe.

Basi Alhamisi ya wiki iliyopita Mzee Lagat alianguka akikamua. Presha. Hakufika hospitali.

Ijumaa tulienda Kapseret kuona familia. Nyumba imejaa. Mke wake, Mama Cheruto, alimshika Baba mkono, wakakaa hivyo, mkono wa Baba ukitetemeka ndani ya wake. Halafu akasema, "Baba Wanjiru, mzee wako hajawahi guswa ndevu na mtu mwingine. Hata mimi. Mimi sitaki watu wa mochari wamnyoe."

Baba aliangalia mikono yake. Mbele ya watu wote. 

Na hapo, marafiki zangu, ndio mdomo wangu ulifunguka wenyewe.

"Nitanyoa mimi," nikasema. "Baba ataniongoza. Mimi ndiye humnyoa yeye hapo nyumbani."

(Ni kweli humnyoa Baba. Kwa wembe wa plastiki, ule wa kutupa. Hiyo sehemu sikuitaja.)

Watu wakaitikia, mama mmoja akasema Mungu anibariki, na mimi nikaketi nikijiona mtu wa maana.

Kurudi nyumbani, Baba aliingia chumbani kwake na hakutoka isipokuwa kwa chakula, ambacho hata hakukula. Nilitaka kumsaidia. Nilitaka siku ikifika apate wembe uko tayari, uking'aa, aone kwamba binti yake alifikiria kila kitu. Nikautoa kwa kopo lake kimyakimya. Nikachukua jiwe langu la kunolea mkasi.

Mimi ni fundi. Mkasi wangu naunoa mwenyewe, na unakata suruali tano za jinzi zikiwa zimepangwa moja juu ya nyingine. Kwa hivyo nilijiambia, makali ni makali. Niliangalia na video moja ya mzee mzungu akieleza habari ya wembe, lakini bando iliisha akiwa bado anasalimia watu. Nikasema haina shida.

Nikanoa Jumamosi asubuhi. Nikanoa Jumamosi jioni. Jumapili kabla ya kanisa, na baada ya kanisa. Wiki yote. Asubuhi na jioni, kama dawa. Kwa akili yangu, kitu kikinolewa mara moja kinakata, kikinolewa mara kumi na nne kitakata hewa.

Jumatano Baba aliuliza kutoka chumbani, "Wanjiru, unanoa nini hapo?"

"Mkasi, Baba."

"Huo mkasi una shida gani?"

"Shule zinafunguliwa, kazi ni nyingi."

 (Hapo ndipo ningesema ukweli na leo ningekuwa mtu wa heshima.)

Jana niliujaribu kwa mkono. Ulitoa nywele. Ulitoa na ngozi kidogo, lakini nikaona hiyo ni dalili nzuri.

Leo asubuhi tulifika mochari saa mbili. Kiprop, kijana wa kwanza wa Mzee Lagat, alikuwa nje na gari ya kubeba maiti na watu wa familia. Kiprop ni mtu wa saa. Alinisalimia vizuri, akasema, "Dada, mkimaliza mniambie. Saa nne lazima tuwe barabarani."

Tukaingia mimi na Baba. Mhudumu, kijana mpole mwenye gambuti nyeupe, alikuwa ameshamvalisha Mzee Lagat suti yake ya kahawia. Amelala na tai. Nywele zimechanwa. Ndevu za mashavu zilikuwa zimemea kidogo, nyeupe, na masharubu yako mahali pake.

Baba alisimama karibu na kichwa chake. Akavua kofia.

"Lagat," akasema. "Nimefika. Ni Jumamosi."

Mimi nilikuwa nimejiahidi sitalia. Ilichukua kama dakika moja kuvunja hiyo ahadi.

Baba alikoroga sabuni kwa kikombe chake cha bati na brashi. Mkono ulitetemeka, povu ikamwagika kwa koti lake, kwa sakafu, kwa gambuti ya mhudumu.  Akampaka mashavu polepole. Kisha akaninyooshea ule mkanda wa ngozi, ameushika upande mmoja kwa mikono yote miwili. "Pitisha wembe hapa. Enda, rudi. Enda, rudi. Usikaze." Nikapitisha. Nilijihisi kinyozi kabisa.

"Sasa sikiliza," akasema. "Mashavu, kidevu, shingo. Masharubu usiguse. Nyoosha tu ukingo wa chini, pale yanapokutana na mdomo. Umesikia? Ukingo tu."

"Nimesikia, Baba."

Nikaweka wembe kwa shavu la kulia. Nikavuta.

Haikuwa ile sauti niliyosikia nikiwa mtoto, ile ya kama mtu anapasua karatasi pole pole. Hii ilikuwa sauti ya panya kwa gunia.

"Simama," Baba akasema.

Nikasimama.

"Nipe."

Akachukua wembe. Akaupitisha juu ya ukucha wa kidole gumba, kidogo tu, macho amefunga. Mkono ulikuwa unatetemeka, lakini uso wake ulitulia kabisa, nikaona yule kinyozi wa zamani amerudi. Akafungua macho.

"Ulikuwa unanoa mkasi?"

Nikaangalia gambuti ya mhudumu.

"Wanjiru. Umenoa huu wembe mara ngapi?"

"Asubuhi na jioni, Baba."

"Siku ngapi?"

"Saba."

Mhudumu alikuwa anaandika kitu kwa kitabu chake. Akaacha kuandika.

"Na jiwe gani?"

"La mkasi."

"Ulilaza wembe ama uliuinua?"

"Niliuinua kidogo. Kama mkasi."

Baba hakunigombanisha. Afadhali angenigombanisha. Aliongea pole pole, kama vile angeongea na mwanafunzi siku ya kwanza. "Kwa ngozi ni kila ukinyoa. Kwa jiwe ni mara mbili kwa mwaka, tatu kama una wateja wengi. Unangoja mpaka wembe uanze kuvuta nywele badala ya kukata. Basi. Ukizidisha, makali yanakuwa membamba kuliko karatasi, yanajikunja, yanavunjika yakikutana na ndevu. Huu wembe ulikuwa wa kunizika mimi na ubaki. Umeula miaka saba kwa wiki moja."

"Pole, Baba."

"Haya." Akashusha pumzi. "Ngozi itaurudisha kidogo. Pitisha mara hamsini."

Nikapitisha. Nje Kiprop akapiga mlango. "Dada, tuko wapi?" Nikajibu, "Tunakaribia!" (Tulikuwa tumenyoa sehemu ya kutosha stempu.)

Mhudumu akatuonea huruma. Akafungua droo, akatoa wembe wa plastiki, mpya, wa bluu, bado kwa karatasi yake. "Mzee, tuko na hizi. Za kutupa."

Baba akamwangalia. "Kijana, huyu hajawahi nyolewa na kitu ya kutupa."

Kijana akairudisha kwa droo.

Nikaendelea. Mashavu yalikubali, kwa shida. Kidevu kikakubali. Shingo pia. Nilikuwa nalowa jasho mahali baridi vile. Baba alikuwa ananiambia, "Hivyo hivyo, mama yangu. Hivyo hivyo." Amenipa jina la mama yake, na akiniita hivyo moyo wangu huyeyuka. Basi nikapata ujasiri. Na wembe ukiwa mbovu, kitu kibaya zaidi unaweza kuongeza ni ujasiri.

Nikafika ukingo wa masharubu, upande wa kushoto. Nikavuta. Wembe ukakwama. Nikakaza kidogo. Wembe ukaruka.

Sijui niseme aje. Kipande cha masharubu, cha upana wa kidole, kilibaki kimelala juu ya tai.

"Aiii," mhudumu akasema.

Baba aliangalia ile tai.

"Naweza linganisha," nikasema haraka. "Baba, naweza linganisha na upande wa pili."

Nikalinganisha. Upande wa kulia ukapungua zaidi. Nikarudi kushoto. Kushoto kukapungua zaidi ya kulia. Yeyote kati yenu amewahi kupunguza pindo la sketi bila kupima anajua mahali hii hadithi inaenda. Nilipoinua kichwa, Mzee Lagat, mtu aliyeheshimiwa kutoka Kapseret mpaka Kesses, alikuwa amebaki na kisanduku kidogo chini ya pua, aina ile ambayo hakuna familia inaweza kukubali mtu wao azikwe nayo.

Mlango ukapigwa tena. "Dada!"

"Dakika mbili!"

Nikamgeukia Baba. Alikuwa amefunika macho kwa kofia. Mabega yanatikisika. Nilidhani anacheka. Nikatabasamu hata, Mungu anisamehe. Kisha akaondoa kofia.

"Chini ya masharubu ana kovu," akasema. "Tangu mtoto. Ng'ombe wa baba yao alimpiga teke, mdomo ukapasuka, ukashonwa vibaya. Shuleni walimcheka mpaka akaacha shule. Siku ya kwanza aliketi kwa kiti yangu aliniambia, Kinyozi, hapa juu usiwahi toa, na usiwahi ambia mtu. Sijawahi ambia mtu. Hata mama yako hakujua."

Nilitaka sakafu ipasuke. Wembe ulinitoka mkononi, ukaanguka kwa simenti, na hakuna mtu aliinama kuuokota.

Kusema ukweli nilijaribu kila kitu. Nilikusanya zile nywele kwa tishu. Nilifikiria gundi. (Ndiyo, niko na gundi ya kubandikia kola kwa mkoba. Ndiyo, niliitoa.) Baba akasema, "Wacha. Wacha, Wanjiru." Nikamuuliza mhudumu kama tunaweza kuvuta kile kitambaa cheupe cha jeneza mpaka kwa pua. Akafikiria kwa upole, akasema, "Madam, atakaa kama anasikia baridi."

Baba akanyoosha mkono kwa mhudumu. "Leta hiyo ya bluu."

Alitaka kumaliza mwenyewe. Akaishika, lakini mkono ulikuwa unaenda huku na huku. Nikaweka mkono wangu juu ya wake. Nikaushika kwa nguvu. Tukatoa kile kisanduku pamoja, kidogo kidogo, mkono wa kinyozi ndani ya mkono wa aliyeharibu. Kovu likaonekana lote. Lilikuwa refu kuliko nilivyodhani, limevuta mdomo juu kidogo, kama mtu anayetaka kusema neno. Baba akampanguza kwa taulo yenye maji ya uvuguvugu.

"Nisamehe, Lagat," akasema. Kisha akavaa kofia yake.

Jeneza likafungwa. Kiprop hakuangalia ndani, maana muda ulikuwa umekwisha. Alinishika mkono kwa nguvu, "Asante sana, dada." 

Nilitaka kumwambia. Naapa. Lakini magari yalikuwa yameshawashwa.

Kapseret kulikuwa na tenti nne na watu wamejaa mpaka kwa boma la ng'ombe. Na mbele kabisa, juu ya stendi yenye maua, picha ya Mzee Lagat. Kubwa! Urefu wa mlango! Masharubu peke yake yalikuwa na ukubwa wa mto wa kulalia. Nikamwambia Baba miguu inaniuma, tukaketi nyuma.

Emsii akatangaza watu wapite kumuona mzee mara ya mwisho. Familia ya karibu ilikuwa imepangwa iwe ya mwisho, kwa hivyo wazee wa kijiji ndio walianza. Mzee wa kwanza akafika, akavua kofia, akaangalia. Akaangalia picha. Akaangalia jeneza tena. Akavaa kofia, akaenda kando akiwa amekunja uso. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu alikuwa bibi mmoja wa fimbo, na huyo hakuwa wa kunyamaza.

"Huyu ni nani?"

Watu wakainua vichwa.

"Nauliza, huyu ni nani? Huyu si Lagat! Mmeleta mtu wa watu kutoka mochari!"

Ndugu zangu. Mnajua vile habari ya maiti kubadilishwa inaenda. Ndani ya dakika moja tenti zote zilikuwa zimesimama. Wanawake wanapiga nduru. Kijana mmoja anasema turudi mjini saa hii, mwingine anasema polisi waitwe. Kiprop alikimbia mpaka kwa jeneza, akaangalia, akashika kichwa. "Suti ni yake," akasema. "Suti ni ya Baba! Lakini huyu..." Emsii naye akashika maikrofoni: "Tafadhali tutulie. Tafadhali. Kuna tashwishi kidogo kuhusu marehemu."

Tashwishi kidogo!

Nilimuona Mama Cheruto mbele, amekaa, mikono kwa magoti, uso umekuwa wa majivu. Alikuwa anafikiria mzee wake yuko wapi. Yuko kwa kaburi la nani.

Hiyo ndiyo ilinisimamisha. Si ujasiri. Nilitembea kutoka tenti ya nyuma mpaka mbele, na kila mtu aligeuka, na viatu vyangu vilikuwa vinazama kwa nyasi. Nikamwomba emsii maikrofoni.

"Ni yeye," nikasema. Sauti ikatoka kwa spika zote nane. "Ni Mzee Lagat. Mimi ndiye nimemnyoa."

Kimya. Hata ng'ombe.

"Niliambiwa nisiguse masharubu. Wembe ulikuwa mbovu. Nilikuwa... niliunoa sana. Niliunoa kila siku, na haunolewi kila siku. Nikakata upande mmoja. Halafu nikataka kulinganisha."

Mtu mmoja kule nyuma akasema, kwa sauti ya kunong'ona iliyosikika vizuri sana, "Akataka kulinganisha."

Kicheko kilitoka mahali, kikazimwa, kikatoka mahali pengine. Emsii alichukua maikrofoni kutoka mkononi mwangu, akasafisha koo, akatangaza kwa sauti ya kanisani: "Tumethibitisha. Ni yeye. Amenyolewa."

Hapo tenti zote zilipasuka. Mzee mmoja wa kanisa alicheka mpaka kiti cha plastiki kikavunjika mguu. Nami nimesimama pale mbele, pembeni ya picha yenye masharubu, kama mshtakiwa na ushahidi wake.

Mama Cheruto alisimama. Kicheko kikaisha.

Alienda kwa jeneza polepole, binti yake amemshika kiwiko. Akainama. Aliangalia muda mrefu. Kisha akanyoosha kidole, akagusa lile kovu, kutoka juu mpaka chini, vile mtu anafuata mstari wa barua.

"Ni yeye," akasema. Hakuhitaji maikrofoni. "Nilimwona hivi mara ya mwisho nikiwa msichana. Alikuwa bado hajaota ndevu za kutosha. Nilimwambia mimi sioni ubaya. Nikamwambia miaka yote hiyo, hakuniamini."

Akacheka kidogo. Kile kicheko kikageuka katikati, na akalia vile sijawahi sikia mtu akilia.

Alipomaliza, alifanya kitu. Aliweka kiganja chake juu ya mdomo wa mume wake, kama unavyofunika kikombe kisipoe. Akamwambia emsii, "Sasa wapite." Na watu wote, wa tenti zote nne, walipita wakaona paji la uso, macho yaliyofungwa, na mkono wa mke wake. Hakuna mwingine aliona kovu. Alisimama hivyo karibu saa nzima kwa jua, hakukubali kiti.

Baba alipita karibu na mwisho, mbele yangu. Yeye na Mama Cheruto waliangaliana. Baba akamwambia, "Nilikuwa najua." Naye akamjibu, "Najua ulikuwa unajua."

Zamu yangu ilipofika nilitaka kupiga magoti. Akanishika bega na ule mkono mwingine. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Umenionyesha mzee wangu, Wanjiru. Asante." Nikapumua. Kisha akaongeza, "Lakini ungeniuliza kwanza."

Hiyo ndiyo nimekuja nayo nyumbani. Si kicheko cha watu. Hiyo.

Tulizika saa nane. Kiprop hakunisalimia tena, na simlaumu. Bibi wa fimbo alinitafuta mpaka akanipata kwa foleni ya chakula, akaniuliza kama nanyoa pia mbuzi.

Sasa ni jioni. Nimechemsha chai, imekuwa baridi, nimechemsha tena. Baba ameketi kitandani na koti lake bado lina povu iliyokauka. Nilimwambia nitatafuta fundi arekebishe wembe. Akasema hakuna haraka, hana mtu wa kunyoa.

Kwa hivyo sawa, chekeni, najua mtacheka tu. Naomba mcheke kwa sauti ndogo, kwa sababu ukuta wetu ni wa mbao, na upande wa pili kuna mtu leo amezika rafiki yake.